Mbeya hadi Guangzhou: Umbali wa Ramani na Muda wa Msafiri

Kisa ninachokichambua hapa kinamhusu mama mmoja anayeuza viatu na nguo za watoto Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambaye baada ya miaka mingi ya kununua mzigo Kariakoo aliamua kwenda mwenyewe Guangzhou, kusini mwa China, kuuona mzigo huo unakotoka. Shabaha yake ilikuwa Maonesho ya Canton, ambayo yamekuwa yakifanyika Guangzhou tangu 1957 na ambayo huwa na misimu miwili kila mwaka. Kila msimu una awamu tatu, na nguo, viatu na vitu vya watoto huonyeshwa katika awamu ya tatu, ambayo kwa msimu wa kwanza wa mwaka huanza tarehe 1 Mei na kufungwa tarehe 5 Mei. Mama huyu alitaka awe kwenye viwanja vya Pazhou asubuhi ya tarehe 1, kwa kuwa alikuwa na siku tano tu za kuzunguka kumbi nyingi, na siku moja ikipotea mwanzoni, sehemu moja kati ya tano ya alichofuata imekwenda nayo. Kazi yangu ni kuwakatia tiketi wafanyabiashara na wanafunzi wa nyanda za juu kusini, na mwenyewe ameridhia nieleze safari yake bila kumtaja jina.

Alipofika ofisini, simu yake ilikuwa na majibu mawili aliyotafutiwa na binti yake kwenye intaneti. La kwanza lilisema kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou ni kilomita 8,700 na ushei, na kwamba muda wa kuruka ni saa 10 na dakika 10. La pili lilikubaliana na umbali huo lakini likataja saa 11 na dakika 20. "Mwanangu, hata nikishika hiyo kubwa," aliniambia, "nikitoka hapa alfajiri ya tarehe 30, usiku huohuo nimefika, nalala, asubuhi naingia kwenye maonesho." Nilimwomba aketi tupige hesabu pamoja. Takwimu zote mbili zilikuwa sahihi kwa namna yake, ila zilikuwa zinajibu swali la ndege iliyokwisha kuacha ardhi ya Dar es Salaam, ilhali swali la mama huyu lilianzia mlangoni kwake Mwanjelwa na kuishia mlangoni mwa hoteli Guangzhou. Nimeona watu wengi wa mikoa yetu wakipoteza fedha kwa sababu ya pengo lililopo kati ya maswali hayo mawili, na ndiyo maana naona kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kirefu.

Nianze na umbali, kwa kuwa ndio wenye hesabu safi kuliko mengine yote. Ukichukua tufe la dunia kama lile la darasani, ukabana uzi kwenye Dar es Salaam na kuuvuta ukakaza hadi Guangzhou, uzi huo utakaa wenyewe juu ya njia fupi kuliko zote. Utatoka Dar es Salaam kuelekea kaskazini mashariki, upite kusini mwa Unguja, uvuke mstari wa ikweta ukiwa juu ya Bahari ya Hindi, uingie India kupitia Kerala, utokee pwani ya mashariki karibu na Chennai, uvuke Ghuba ya Bengali, ukate Myanmar na kaskazini mwa Vietnam si mbali na Hanoi, ndipo ufike Guangzhou. Kwa kipimo cha duara la dunia, uzi huo unachukua digrii 78 na theluthi moja hivi, na kila digrii ni kilomita 111 na kidogo, kwa hiyo unapata kilomita 8,710. Ndicho kinachopimwa na programu zote za umbali zinazopatikana kwenye simu. Ndege halisi haifuati uzi huo moja kwa moja, kwa sababu hulazimika kupita kwenye njia za anga zilizopangwa, kukwepa mawingu mazito na kuheshimu anga la kila nchi, lakini tofauti inayotokana na hayo kwa kawaida si kubwa.

Sasa tuirudishe hesabu Mbeya. Kutoka uwanja wa ndege wa Songwe hadi Guangzhou, kwa uzi uleule, ni kilomita 9,400. Kutoka Songwe hadi uwanja wa Julius Nyerere ni kilomita 690. Ukijumlisha hizo 690 na zile 8,710 za kutoka Dar es Salaam, unapata 9,400 kamili, maana Dar es Salaam imekaa karibu kabisa juu ya uzi unaotoka Mbeya kwenda kusini mwa China. Jambo hili lilinifurahisha nilipolipima, kwa sababu watu wa huku tumezoea kudhani kwamba kupitia Dar es Salaam ni kuzungushwa. Msafiri wa Mwanza anayekwenda Guangzhou kwa kupitia Dar es Salaam huongezewa zaidi ya kilomita 400 ambazo asingezihitaji kama angeruka moja kwa moja kutoka kwao. Msafiri wa Mbeya haongezewi hata moja ya maana. Ikiwa basi safari yake inakuwa ndefu, na huwa ndefu kweli, sababu si ramani.

Kuhusu muda wa hewani, zile saa 10 na dakika 10 na zile saa 11 na dakika 20 zinatokana na umbali mmoja uliogawanywa kwa kasi mbili tofauti. Ndege kubwa za abiria za safari ndefu, kama Boeing 787 ambayo Air Tanzania huitumia kwenda Guangzhou, zikishafika juu huenda kwa takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya 8,710 kwa 900, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, unapata saa 10 na dakika 10. Programu nyingine hutumia kasi ya maili 500 kwa saa, yaani kama kilomita 805, kwa kuwa ni namba rahisi ya wastani, nayo ikiongeza nusu saa ileile inapata saa 11 na dakika 20. Hakuna mwongo hapo, na anayelinganisha programu mbili bila kujua kasi iliyotumika anaweza kudhani kwamba kuna ndege mbili, moja ya haraka na nyingine ya polepole.

Upepo nao una lake. Katika anga la juu, kaskazini mwa tropiki, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na nguvu yake huongezeka miezi ya baridi ya upande wa kaskazini. Ndege inayokwenda China husukumwa na mikondo hiyo mgongoni, na inayorudi hukumbana nayo usoni. Kwa hiyo kurudi huchukua muda mrefu kuliko kwenda, na tofauti inaweza kufika saa nzima. Ni jambo dogo kwa anayelala ndani ya ndege, lakini ni kubwa kwa anayetakiwa kushuka na kukimbilia ndege nyingine.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam ndiyo ingekuwa chaguo la kwanza, ila hairuki kila siku, na kwa tarehe ambazo mama huyu alizitaka, siku za kulala hotelini akisubiri maonesho yafunguliwe zingekula faida yote ya kutobadili ndege. Zikabaki njia mbili za kuunganisha, ya Addis Ababa na ya Dubai. Nilizipima zote. Kutoka Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni kama kilomita 1,760, na kutoka hapo hadi Guangzhou ni 8,040, jumla 9,800. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni kama kilomita 3,980, na kutoka Dubai hadi Guangzhou ni 5,830, jumla 9,810, karibu sawa kabisa. Moja inagawanya safari kwa kipande kifupi na kirefu, nyingine inaigawanya kwa vipande visivyopishana sana, lakini kwa kilomita hazina mshindi. Kilichoamua ni saa za kusubiri. Kwa tarehe zile, Dubai ingemshikilia uwanjani usiku kucha hadi asubuhi, na Addis Ababa ingemshikilia kwa saa nne na dakika arobaini. Tukachukua Addis Ababa.

Hapo ndipo nilipomwandikia mama huyu karatasi moja, ambayo naamini kila wakala wa tiketi angepaswa kumwandikia mteja wake, yenye safari nzima kutoka nyumbani hadi kitandani kwa saa za Tanzania tu, bila kuchanganya na saa za kule. Kwa mpango wa kuondoka Mbeya na Dar es Salaam siku moja, tarehe 29 Aprili, ilisomeka hivi: anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu uwanja wa Songwe uko zaidi ya kilomita 20 magharibi mwa jiji, na barabara ya kwenda huko ndiyo hiyohiyo ya malori ya Tunduma, ambayo foleni yake kati ya Iyunga na Mbalizi haitabiriki. Anaruka saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, anatua Dar es Salaam saa nne na robo. Anasubiri hadi saa kumi na moja jioni, anaruka kwenda Addis Ababa, anatua saa mbili kasoro dakika kumi usiku. Anasubiri tena hadi saa sita na nusu usiku. Anaruka, na anatua Guangzhou saa nne kasoro dakika tano asubuhi ya tarehe 30, kwa saa yetu. Anapita uhamiaji, anachukua mabegi, anatafuta usafiri, anafika hotelini karibu na saa saba kasorobo mchana kwa saa yetu, wakati kule ni jioni, saa kumi na mbili kasorobo.

Jumla ni saa 31 na robo. Kati ya hizo, za hewani ni saa 1 na dakika 25 kutoka Songwe, saa 2 na dakika 50 hadi Addis Ababa, na saa 9 na dakika 25 hadi Guangzhou, ambazo kwa pamoja ni saa 13 na dakika 40. Saa zilizobaki, zaidi ya 17, ni za kukaa, kupanga foleni, kuhamisha mabegi na kusubiri. Mama aliiangalia karatasi ile kwa muda, akaweka kidole chake kwenye nafasi ya kati ya saa nne na robo asubuhi na saa kumi na moja jioni, akauliza: "Na hapa Dar nakaa kutwa nzima nafanya nini?" Nilimjibu kwamba kutwa hiyo ndiyo bima yake, na bado haitoshi.

Hoja hiyo ndiyo kiini cha kisa kizima. Tiketi ya Songwe na tiketi ya Guangzhou zilikuwa tiketi mbili zilizokatwa mbali mbali, kwa mashirika mawili yasiyohusiana. Tiketi mbili za namna hiyo hazijuani. Ndege ya kwanza ikichelewa au ikiahirishwa, shirika la pili halina wajibu wowote wa kukusubiri wala kukupa nafasi nyingine, kwa sababu kwa upande wao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Mabegi nayo hayahamishwi, kwa hiyo ni lazima uyachukue mwenyewe kwenye jengo la safari za ndani na kuyapeleka jengo la tatu, lililofunguliwa 2019 kwa safari za nje, ukaanze kaunta upya kama mtu aliyetoka Sinza. Tiketi moja inayobeba safari yote huwa inalinda abiria dhidi ya hayo, kwa kuwa anayechelewesha ndiye anayelazimika kumfikisha. Lakini kutoka Songwe tiketi ya namna hiyo haipatikani kwa kila shirika, na ikipatikana mara nyingi bei yake humrudisha mtu nyuma.

Sasa tazama kipande cha Mbeya hadi Dar es Salaam peke yake. Kwa umbali, ni sehemu ndogo kuliko zote za safari hii, kilomita 690 kati ya zaidi ya 10,000. Hata hivyo ndicho kipande ambacho kikivunjika, mbadala wake ni mrefu kuliko vipande vingine vyote. Ndege ya Addis Ababa ikiahirishwa, shirika litakupandisha nyingine. Ndege ya Songwe ikishindwa kutua asubuhi, unabaki na barabara yenye kilomita zaidi ya 800, kupitia Uyole, Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, Ruaha Mbuyuni, hifadhi ya Mikumi ambako magari hulazimika kupunguza mwendo, Morogoro na Chalinze, pamoja na mizani ya njiani na malori yasiyohesabika. Basi zuri hutumia saa 13 au 14, na likikuta lori limeharibika Kitonga, hesabu hiyo husahaulika. Reli ya TAZARA haipitishi treni ya abiria kila siku, kwa hiyo hatukuihesabu. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria 2024, inaweza kumsaidia mtu anayeshuka Morogoro akwepe foleni ya kuingia Dar es Salaam, ila haimwokoi aliyekwama Songwe, kwa sababu sehemu kubwa ya njia bado ni ya basi.

Na Songwe mwishoni mwa Aprili si mahali pa kuwekea dau. Mvua za huku huanza Novemba na kuendelea hadi kuelekea Mei, na asubuhi za mwisho wa msimu mawingu hukaa chini, ukungu ukafunika bonde zima hadi jua linapopanda. Uwanja wenyewe, uliofunguliwa 2012 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa katikati ya jiji, una njia ndefu ya kurukia, zaidi ya kilomita tatu, lakini urefu wa njia haumsaidii rubani asiyeiona. Anayeishi Mbeya analijua hili kwa macho yake, ila programu ya umbali na muda hailijui.

Kwa hiyo nilimshauri aondoke Mbeya tarehe 28, siku moja kabla, na kulala Dar es Salaam. Hakupendezwa. Usiku mmoja wa nyumba ya wageni na chakula ni gharama, na duka lingekaa siku moja zaidi mikononi mwa msaidizi. Mwisho alikubali baada ya kuweka kando ya gharama hiyo bei ya kubadilisha tiketi ya kimataifa, ambayo ilikuwa kubwa kuliko usiku kadhaa wa Dar es Salaam.

Tarehe 28 asubuhi mawingu yalikuwa chini. Ndege iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilifika juu ya Songwe, ikazunguka, abiria waliokuwa ndani ya jengo wakiisikia bila kuiona, kisha sauti ikafifia. Baada ya muda likatangazwa kwamba imerudi Dar es Salaam na kwamba abiria watasafirishwa kesho yake kwa ndege ya saa tatu kasoro dakika kumi. Mama alinipigia simu akiwa bado uwanjani. Swali lilikuwa moja: asubiri ndege ya kesho, au arudi mjini apande basi la jioni?

Uamuzi huu ninauona kuwa wenye mafunzo mengi kuliko hesabu zote za kilomita. Ndege ya kesho yake, tarehe 29, ilikuwa ndiyo ileile ya mpango wa kwanza. Ikiruka, angefika Dar es Salaam saa nne na robo na kuiwahi ndege ya saa kumi na moja jioni bila shida. Isiporuka, hakuna basi duniani ambalo lingemfikisha kutoka Mbeya kwa saa zilizobaki. Upande wa pili, tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo basi la jioni lingemfikisha Mbezi Luis asubuhi ya tarehe 29, na hata likichelewa kwa saa sita bado angekuwa na muda. Njia ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi kwa mwili na haikuwa na nafasi ya kukosea. Ya pili ilikuwa ngumu, na ilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilimweleza hivyo, naye hakuchukua dakika mbili. Alirudi mjini, akala, akapanda basi la saa kumi na moja jioni, na saa moja kasoro asubuhi alikuwa ameshuka Mbezi.

Ni haki niseme kwamba ndege ya tarehe 29 iliruka vizuri na kutua Dar es Salaam kwa wakati wake. Wapo waliomwambia baadaye kwamba alijitesa bure usiku kucha. Siafiki. Uzuri wa uamuzi hupimwa kwa yale aliyeamua aliyokuwa akiyajua alipoamua, na alichokuwa akikijua siku ile ni kwamba mawingu yaliyofunga Songwe leo yangeweza kuifunga kesho, na kwamba zaidi ya hapo hakuwa na akiba yoyote ya muda. Kama angekuwa na tiketi ya kimataifa ya tarehe 30, ningemshauri alale Mbeya.

Kuanzia Dar es Salaam safari ilikwenda kama ilivyoandikwa. Addis Ababa inatumia saa za Afrika Mashariki kama sisi, na watu wa Ethiopia pia huhesabu saa kuanzia alfajiri, kwa hiyo hapo hakupotea kitu. Alifika hotelini Guangzhou jioni ya tarehe 30, saa 55 na robo tangu alipofunga mlango wa nyumba yake Mwanjelwa. Mwili wake ulikuwa bado unahesabu saa za huku, na tofauti ya saa tano ilimfanya alale akiwa na macho makavu hadi karibu na usiku wa manane wa kule, lakini asubuhi ya tarehe 1 Mei alikuwa Pazhou.

Tiketi ya kurudi ilikuwa na mitego miwili ya kusoma saa, ambayo inahusu kila safari ya mbali na ambayo naona haielezwi vya kutosha. Wa kwanza ni saa za mahali. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa majira ya mji unakotoka na saa ya kufika kwa majira ya mji unakokwenda. Wakati wa kwenda, ilionyesha kuondoka Addis Ababa 00:30 na kufika Guangzhou 14:55, na mtu anayetoa hesabu ya kawaida anapata saa 14 na dakika 25, wakati ukweli ni saa 9 na dakika 25, kwa kuwa China iko saa tano mbele yetu. Wakati wa kurudi, ilionyesha kuondoka Guangzhou 00:10 na kufika Addis Ababa 05:30. Mama alinitumia ujumbe kutoka kule akiuliza kama ndege ya kurudi ni ya aina nyingine, maana inachukua saa tano tu. Ilikuwa ndege ya aina ileile, na ilitumia saa 10 na dakika 20, karibu saa nzima zaidi ya kwenda kwa sababu ya ule upepo wa usoni. Kanuni ni rahisi: badilisha saa zote mbili ziwe za Tanzania kwanza, ndipo utoe.

Mtego wa pili ni wa tarehe, na huu uligharimu fedha za mtu. Tiketi iliyoandikwa 00:10 tarehe 6 Mei ina maana ya usiku wa kuamkia tarehe 6, dakika kumi tu baada ya tarehe 5 kwisha. Inabidi uwe uwanjani tarehe 5 jioni, kufikia saa tatu usiku. Kwa namna tunavyoishi sisi, saa sita usiku bado ni mwisho wa siku iliyoanza asubuhi, kwa hiyo anayesoma "tarehe 6, saa sita na dakika kumi usiku" huenda akaenda uwanjani tarehe 6 jioni, siku moja nzima baada ya ndege kuondoka. Mama yetu alikuwa ameandikiwa kwenye karatasi yake: "Tarehe 5, funga mabegi, saa mbili usiku uwe njiani kwenda uwanjani." Mfanyabiashara mwingine kutoka Makambako, waliyekutana kule kule na kurafikiana, alikuwa na tiketi ya ndege hiyohiyo na hakuwa na karatasi ya namna hiyo. Alikwenda uwanjani tarehe 6. Alilipa kubadilisha tiketi, akalipa hoteli usiku wa ziada, na fedha hizo zilitoka kwenye kiasi alichokuwa amekitenga kwa sampuli za bidhaa. Alikuwa msomaji mzuri na mtu makini, ila hakuna aliyekuwa amemweleza.

Kurudi Mbeya hakukuwa na haraka. Alitua Dar es Salaam mchana wa tarehe 6, akalala, akapanda ndege ya Songwe asubuhi iliyofuata chini ya anga safi, na sampuli zake akaziacha zije kwa basi, jambo ambalo kwa uzito wake lilikuwa nafuu.

Sasa anataka kwenda tena katika msimu wa pili wa maonesho, ambao awamu yake ya tatu huanza tarehe 31 Oktoba. Safari hii ameomba ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, na kwa mtazamo wa hali ya hewa tarehe hizo ni bora, kwa kuwa mwishoni mwa Oktoba mvua za Mbeya kwa kawaida hazijashika na Songwe huwa wazi asubuhi. Kuna jambo moja tu nililomtahadharisha. Mashirika ya ndege duniani hubadilisha ratiba zake mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tarehe 31 Oktoba huangukia siku ileile ya mabadiliko au siku chache baada yake, kwa hiyo siku na saa za ndege anazoziona kwenye simu mwezi wa Agosti au Septemba huenda zisiwe zile zitakazokuwepo siku ya kusafiri. Tumekubaliana kwamba tiketi ya kimataifa itakatwa kwanza, baada ya kuona ratiba ya msimu mpya, na kwamba tiketi ya Songwe itafuata, siku moja kabla.